Neno la Chango

Hidaya alipoingia getini mwa zahanati kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja, Mwajabu Singano alimwona kupitia dirishani. Mjamzito wa miezi sita hatembei vile. Alikuja kwa hatua fupi fupi, mkono mmoja chini ya kitovu, mwingine begani kwa mama mkwe wake, Bi Semeni, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni na hataki tone limwagike.

Mwajabu alikuwa mkunga hapo Muheza kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa akimsoma mwanamke kwa mwendo kabla hajafungua mdomo. Lakini siku hizi nani anamuuliza mkunga amesoma nini? Mkunga wa leo anatandika vitanda, anapokea mtoto, anatia sahihi. Anayesoma ni Somo.

Somo alikuwa sanduku la rangi ya maziwa lililochomekwa ukutani, juu ya kabati la chuma la dawa. Waliomuunda walimpa jina hilo kwa heshima ya yule mwanamke mtu mzima anayemfunda mwali mambo ya mwili wake. Wakampa na sauti ya kike, tulivu, ya mtu ambaye maishani hajawahi kuunguzwa na sufuria. Kwa kawaida mjamzito aliingia kwake peke yake na mlango ukafungwa, faragha ni faragha. Siku hiyo Hidaya hakuweza kusimama bila kushikwa, kwa hiyo waliingia wote watatu.

Hidaya aliketi kwenye kiti cha vipimo. Kiunoni mwake, katikati ya shanga nyekundu na nyeupe, kulikuwa na moja ya kijivu iliyoitwa punje. Kila mjamzito nchini alipewa yake. Punje ilipima joto la mwili na namna mji wa mimba unavyokaza na kulegea, na wataalamu walijisifu sana kwa kuiweka kwenye shanga ambazo mwanamke wa huku hazivui hata akienda kuoga.

"Hidaya Mhina, wiki ya ishirini na sita," alisema Somo. "Joto lako ni la kawaida. Leo unajisikiaje? Sema kwa maneno yako."

"Chango," alisema Hidaya. "Lile lile. Linavuta huku chini, linakwenda kiunoni, linarudi."

"Pole, mama. Chango ni minyoo ya tumboni. Utapewa dawa ya minyoo iliyo salama kwa mjamzito. Nawa mikono kabla ya kula."

Kipakiti kikadondoka kwenye sinia, tap. Kilikuwa cha tatu wiki hiyo. Bi Semeni alikiokota, akakigeuza geuza, akauliza ni minyoo ya ukoo gani hiyo isiyosikia dawa, au imeajiriwa na serikali? Hakuna aliyecheka. Mwajabu alikuwa amesimama pale pale, uso umemshuka, kwa sababu ndiyo kwanza asikie kwa masikio yake mwenyewe Somo akilijibu neno lile.

*

Alimpeleka Hidaya nyuma ya pazia, akampima kwa mikono yake, kama zamani. Mlango wa kizazi ulikuwa umeanza kulainika. Akamuuliza kuhusu mkojo, Hidaya akasema una ukungu na una harufu, tangu wiki iliyopita, lakini Somo hakumuuliza hilo na yeye aliona aibu kulianzisha.

Stoo, chini ya maboksi ya vyandarua, kulikuwa na hadubini ya zamani. Mwajabu aliipangusa vumbi kwa upindo wa khanga, akaisogeza penye mwanga wa dirisha, akaweka tone la mkojo kwenye kioo na kuinama. Hakuhitaji kutazama mara mbili. Bakteria walikuwa wamejazana humo kama siku ya gulio.

Nyie acheni tu, hawa wadudu wana hila. Wako wanaoingia kwa fujo, mwili ukapata homa na mtu akatetemeka, kila mmoja akajua kuna ugonjwa. Na wako wanaopanda kimya kimya kutoka njia ya mkojo au ukeni, bila joto wala kelele, mpaka wakafika kwenye utando unaomzunguka mtoto. Utando ukiwashwa, mji wa mimba hauulizi tarehe. Unaanza kukaza ili utoe kilichomo. Mtoto wa wiki ya ishirini na sita akitolewa na maambukizi hayo mwilini, Mwajabu alijua mwisho wake, maana aliwahi kumpokea mmoja kwa mikono hii hii.

Akarudi kwa Somo. Akamwambia afungue kabati la dawa, ameona bakteria kwa macho yake.

"Ushahidi wa macho haupokelewi," alisema Somo. "Peleka sampuli maabara ya mkoa. Majibu ni baada ya siku nne."

Watu wa umri wa Mwajabu walijua sababu, wala hawakuweza kuilaumu. Waliikumbuka miaka ile dawa zilipouzwa dukani kama karanga, viwili vya mafua, kimoja cha jino, nusu umpe jirani, hadi bakteria wakazizoea na dawa zote zikagoma. Watu walikufa kwa jipu. Walikufa kwa kuchomwa na mwiba. Ilipopatikana dawa moja mpya, moja tu, dunia iliapa kutorudia ujinga, ikaifungia kwenye makabati ya chuma na kumkabidhi Somo ufunguo. Kabati lilifunguka kwa mambo mawili: homa kwenye punje, au maneno ya hatari kutoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe.

Hidaya alikuwa na akili nyepesi. Akasema kumbe tatizo ni neno, basi atasema lingine. Akajiinua kitini, akaiambia ile sauti kwamba mji wa mimba unamuuma.

"Maelezo yako yamebadilika ndani ya saa moja, mbele ya mtumishi," alisema Somo. "Maneno ya kufundishwa hayapokelewi. Nakumbusha kwamba nasikia hadi kwenye benchi la nje, na kituo kinachofundisha wagonjwa maneno hufungiwa kabati."

Swali lilimfika Mwajabu kooni na alitamani lirudi, kwa kuwa jibu lake alikuwa nalo.

"Somo, nani alikuambia chango ni minyoo?"

"Maana ya neno chango ilitolewa na Mwajabu Singano, mkunga, Muheza."

*

Ilikuwa Morogoro, miaka tisa nyuma, kwenye ukumbi wenye mapazia ya kijani. Wakunga arobaini waliitwa kutoka kila pembe ya nchi wamfundishe Somo lugha ya wanawake. Kila mmoja aligawiwa maneno yake, na sheria ya wasomi ilikuwa moja: neno lina mtoaji mmoja, na wa kulikana baadaye ni yeye peke yake. Mwajabu alikaa mbele ya kijana mmoja mtaratibu mwenye miwani, na nyuma ya kijana wanaume wengine kama kumi hivi. Maneno yalipita kwenye kioo kikubwa ukutani. Ikafika zamu ya chango. Kamusi ilisema minyoo. Kijana akamuuliza kwa adabu kabisa kama ni hivyo, au wanawake wa kwao wana maana nyingine.

Walikuwa nayo. Chango ni yale maumivu ya chini ya kitovu yanayomsumbua mwanamke katika siku zake, na kitandani na mumewe, na katika ujauzito. Ni neno la ndani, la wanawake wenyewe kwa wenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Hulitamki mbele ya mwanamume anayelingana na mkweo. Mwajabu aliuvuta ushungi vizuri, akatazama chini, akasema ndiyo, minyoo. Kisha wakaenda kunywa chai na maandazi, na maandazi yalikuwa matamu.

Je, miaka yote tisa hakujua? Tuseme kweli. Alijua nusu. Alikuwa akiona vipakiti vya dawa ya minyoo vikizidi kwenye mikoba ya wajawazito, na alikuwa akiona watoto wakija kabla ya wakati, na alijitia hamnazo. Mlango wa Somo ulikuwa umefungwa, na nyuma ya mlango uliofungwa mtu anaweza kujiambia lolote.

Siku ile hakuweza tena. Alivuta kigoda mbele ya Hidaya na Bi Semeni, akawanong'oneza yote, Somo asisikie, bila kujitetea, pamoja na yale maandazi.

Hidaya akasema taratibu, "Na kwa yule wa kwanza nilisema hivyo hivyo, Bi Mwajabu. Chango. Nikapewa dawa ya minyoo."

Mwajabu alimkumbuka yule wa kwanza. Mwaka juzi, mwezi wa machungwa. Alipumua kiasi cha mtu kumaliza dua moja, na Mwajabu mwenyewe ndiye aliyemfunga kwenye khanga na kumkabidhi kwa bibi yake. Bibi huyo sasa alikuwa anamtazama usoni bila kupepesa.

"Mficha uchi hazai," alisema Bi Semeni. "Wahenga walikosea kidogo. Wewe uliuficha, tukakosa kuzaa sisi."

Mwajabu alitamani apigwe, angalau ajue kosa lina ukubwa gani.

Alimuuliza Somo itakuwaje mtoaji akilikana neno lake. Somo akaeleza kwa upole wake ule ule: neno litatolewa kwenye kazi, makabati yote nchini yatafungwa siku saba wakati kumbukumbu zikisomwa upya, kisha maana mpya itaingizwa. Mwajabu akauliza ni wanawake wangapi nchini walisema chango leo hii. Sitini na watatu, na ilikuwa haijafika saa nane mchana.

Ilikuwapo njia nyingine, na kila mkunga aliijua, kwa kuwa ilibandikwa ukutani kwa herufi nyekundu ili watu wasiifanye. Kuchoma punje. Unaikanda shanga kwa maji ya moto, inasoma homa, kabati linafunguka papo hapo. Na dawa ikishaanza haikatishwi, maana dozi ya nusu ndiyo iliyoleta balaa lote lile. Lakini homa ya kweli hupanda kwa saa kadhaa, ya chupa ya chai hupanda kwa dakika. Usiku Somo hupitia kumbukumbu, akaona. Mkunga wa zamu hiyo hufutiwa sauti. Somo hamsikii tena, hapa wala popote.

"Na maneno aliyoyatoa mtu aliyefutiwa sauti?" aliuliza Mwajabu.

"Neno lisilo na mtoaji halina wa kulikana. Linabaki lilivyo."

Kwa hiyo alikuwa na mdomo mmoja wa kutumia mara moja. Akisema kweli leo, chango litakoma kuwa minyoo kwa wote watakaokuja, ila Hidaya hana siku saba, na wako wengine mahali pengine wanaolisubiri kabati leo kwa haki kabisa. Akimdanganya Somo, Hidaya anapata dawa sasa hivi, na wale sitini na watatu wa kila siku wanabaki na vipakiti vyao. Hata kuyafanya yote mawili kabla ya usiku hakukufaa, maana makabati yakifungwa dozi ya Hidaya ingekatika nusu. Barua kwa wakubwa? Angeandika, ndiyo. Barua za kwenda kwa wakubwa siku hizi zinasomwa na nani? Na Somo.

Aliwaambia na hayo pia, kwa mnong'ono ule ule. Alikuwa amechoka kuficha. Bi Semeni aligeuza uso dirishani. Hidaya alibana meno, maumivu yalikuwa yamerudi, akasubiri yapite.

"Siwezi kukuchagulia, Bi Mwajabu," alisema. "Lakini usiniulize kana kwamba sina mtu tumboni."

*

Mwajabu hakuwahi kueleza vizuri kwa nini aliamua alivyoamua. Mtu mwenye hesabu angesema sitini na watatu ni wengi kuliko mmoja, na angekuwa sahihi. Lakini wale sitini na watatu hakuwajua majina, na huyu alishamfunga mtoto wake kwenye khanga mara moja. Aliona aibu kwa sababu hiyo, na akaenda kuchukua chupa ya chai.

Ilikuwa chai ya tangawizi aliyoipika asubuhi, bado ya moto. Akalowesha kitambaa, akakikamua, akaishika punje kati ya vidole viwili na kuizungushia. Harufu ya tangawizi ilijaa chumbani. Hidaya hakulia, alishika mkono wa mama mkwe wake tu.

"Homa," alisema Somo. "Thelathini na tisa na nusu. Mama yuko hatarini. Kabati linafunguliwa."

Kabati likafunguka kwa mlio mdogo. Mwajabu alichanganya dawa, akaichoma taratibu mshipani, akakaa pembeni ya kitanda akiwa ameweka kiganja juu ya lile tumbo gumu. Alikaa mpaka jua likahama ukuta mmoja hadi mwingine. Jioni tumbo lilianza kulegea. Bi Semeni alimletea wali kwenye bakuli, akauweka mbele yake, na Mwajabu akaula wote kwa kuwa hakustahili kuukataa.

*

Asubuhi alimkuta Hidaya amelala ubavu, anakoroma. Punje ilionyesha mji wa mimba umetulia. Mwajabu alisimama mbele ya Somo, akatamka jina lake kama alivyofanya kila siku kuripoti kazini. Somo hakujibu. Akatamka tena. Taa yake ndogo ya kijani ikamulika ukuta mtupu, kana kwamba chumba hakina mtu.

Alijua itakuwa hivyo, na bado ilimuuma kama kofi.

Nje benchi lilikuwa limejaa. Wajawazito watano, wanaume wanne waliowasindikiza, na Mzee Shekue mlinzi na redio yake. Wa kwanza alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, mimba changa, amevaa sare ya kiwanda cha juisi. Alipoinuka mkono wake ulishuka chini ya kitovu, na Mwajabu akamsoma papo hapo. Binti aliingia. Mwajabu aliuzuia mlango kwa mguu usifungike.

"Unajisikiaje?" aliuliza Somo. "Sema kwa maneno yako."

"Nina chan—"

"Chango si minyoo!" Mwajabu alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wanaume wanne waligeuka. Mzee Shekue alizima redio. Miaka tisa iliyopita alitazama chini mbele ya wanaume kama hawa. Safari hii aliwatazama, mmoja mmoja, akaendelea. Alisema chango ni maumivu ya mji wa mimba. Akasema yanauma wapi, na lini, na yanavyohusiana na mkojo wenye harufu na ute unaobadilika rangi, na jinsi yanavyomtoa mtoto kabla ya siku zake. Aliyataja yote kwa majina yake. Mwanamume mmoja aliinama akawa anatazama viatu. Wanawake hawakuinama.

Aliponyamaza alikumbuka kwamba Somo anasikia hadi kwenye benchi. Alikuwa amefundisha maneno mbele ya mashine. Akasubiri kabati lifungwe.

"Kuna kelele chumbani," alisema Somo kwa upole. "Maelezo hayakusikika. Tafadhali rudia, mama."

Kelele. Ndicho alichokuwa Mwajabu sasa, upepo dirishani, bati linalogonga. Hakuna mkunga mwingine nchini aliyeweza kusema neno mbele ya Somo bila kusikika. Yeye aliweza.

Binti alimtazama Mwajabu, akaitazama ile taa ya kijani, akalamba midomo.

"Mji wa mimba unaniuma," alisema. "Unavuta."

"Maneno ya hatari," alisema Somo. "Kabati linafunguliwa."

Mlio ule mdogo ulisikika tena. Mwajabu aliuwahi mlango wa kabati na kuushikilia kwa kiganja, kwa sababu huenda binti huyu alikuwa na minyoo kweli, na dawa zile hazikuwa karanga. Akampa kikombe, akamwambia aende msalani kwanza, akamwomba Bi Semeni akaitoe hadubini stoo. Bi Semeni alimwangalia kitambo. Hakuwa amesamehe, hilo lilionekana waziwazi. Kisha akaenda.

Mwajabu alitoka nje, akaenda penye benchi. Sitini na watatu jana, na leo wengine kama hao, Singida, Kigoma, Mtwara, kila mmoja mlango umefungwa nyuma yake, na huko kote hakukuwa na kelele. Hapa walibaki wanawake wanne.

"Sogeeni karibu," aliwaambia. "Na nyie akina baba msiondoke."

Ndani, kupitia mlango ulio wazi, Somo aliendelea kuomba kelele ziishe.